Kijivu cha Sebule ya Wesley

Musanda,
Jumatatu, 9 Juni 2025

Ndugu yangu Wesley,

Mulembe. Nimekupigia simu mara nane tangu Ijumaa, na kila mara inalia mpaka inachoka yenyewe. Halafu dakika tano baadaye unanitumia ujumbe: "Niko kazini." Wewe ni fundi wa cherehani ama ni rubani? Tangu lini mtu anayeshona sare za shule akashindwa kusema haloo? Basi, kwa kuwa hutaki kusikia sauti yangu, nakuandikia kama tulivyokuwa tukiandikiana ulipohamia Eldoret, kabla simu hazijafika huku kwetu.

Na hata ungepokea, jambo lenyewe halisemeki kwa simu. Ulinitumia picha ya kijivu unachotaka. Wesley, simu haijui kijivu. Niliitazama picha hiyo nje ikawa samawati, nikaitazama jikoni kwa mama yako ikawa kama chai iliyolala. Kwa hiyo nimekufungia vipande vinne vya silingi bodi, kila kimoja nimekipiga koti mbili kwa rola. Majina ya kadi ya dukani ni ya Kizungu na hayanisaidii, kwa hiyo nimevibatiza mwenyewe, tazama nyuma kwa penseli. Cha kwanza ni Mabati. Cha pili ni Njiwa. Cha tatu ni Jivu la Kuni. Cha nne, kile kilichoiva zaidi, ni Kichuguu. Usivitazame vikiwa vimelala kitandani. Visimamishe ukutani, uvitazame asubuhi, tena saa saba, tena saa tisa mvua ikikaribia. Kijivu hakina msimamo, kila saa kinageuka, na mtu akikichagua kwa haraka atakijutia miaka kumi.

Nyumba imekauka vizuri. Sebule nimeipiga msasa mpaka ukuta unateleza. Mama yako anakuja kila asubuhi na birika la chai, anasimama katikati ya chumba kama mkaguzi wa shule. Jana alishika Jivu la Kuni, akaligeuza, akaniuliza, "Osiako, hii ni rangi gani ya kuleta msichana ndani? Hii ni ya matanga. Mwambie apake krimu kama watu." Nikamwambia wewe siku hizi ni mtu wa mjini. Akacheka, akaenda kulisha jogoo wawili ambao amewafunga kando. Anasema hao ni ingokho, kuku wa mgeni, hawaguswi.

Sasa niambie mimi rafiki yako tangu darasa la pili: huyo mgeni ni nani? Miaka arobaini na moja umekaa bila simba, nyumba yako mwenyewe, hapa kwa marehemu baba yako, halafu tangu Februari unajenga kama mtu anayekimbizwa. Kama ni mjane mwenye watoto sema tu, hatuna ubaya.

Wako,
Osiako

*

Eldoret,
17 Juni 2025

Osiako,

Niliandika ukurasa mzima nikikudanganya. Nikausoma, nikauchana. Wewe si mtu wa kudanganywa kwa barua, utanijua kwa mwandiko.

Hakuna msichana. Simu yangu pia ni nzima. Sauti ndiyo haipo, imeisha tangu Mei, nikifungua mdomo inatoka hewa tu. Ni kansa. Iko kwenye umio, pale chakula kinapopitia, na imepanda mpaka mahali sauti inapotokea. Nilianza kuja hospitali mwezi wa kwanza, nikidhani ni vidonda vya tumbo. Sasa wamenilaza. Daktari ni mama mpole, alivuta kiti akakaa kabla ya kuniambia, na daktari akivuta kiti unajua tu. Alisema pengine Desemba, pengine haitafika. Nalishwa kwa mrija. Obusuma, ugali wetu, nauona ndotoni.

Nataka nyumba iishe. Unamkumbuka binamu yangu Wangila? Alifariki Mombasa akiwa hana nyumba kwao, na kwetu mwanamume akifa hatolewi nyumba ya mama yake kwenda kuzikwa. Siku moja kabla ya maziko wakasimamisha miti minne na nailoni uani, ili aonekane ametoka kwake. Wakati wa maombi upepo ukaivua ile nailoni, jeneza likabaki nje mbele ya watu. Mama yangu alilia kwa ajili ya kile kibanda kuliko alivyomlilia Wangila mwenyewe. Tulipokuwa tukirudi aliniambia, "Mwanangu, mtu mzima asitolewe kwa nailoni." Nilimwitikia halafu nikakaa miaka kumi na miwili bila kuweka hata jiwe moja. Ndiyo sababu nakimbia.

Sasa sikia kuhusu rangi, kwa maana sikuichagua kwa umjini. Watanilaza pale sebuleni na jeneza litafunguliwa. Nimeona watu wetu wakilazwa katika nyumba za krimu na nyeupe, uso unakuwa wa kutisha. Nimeshona nguo miaka kumi na tisa, Osiako. Najua kitambaa kilicho karibu na uso ndicho kinachoupendeza au kuuharibu, na ukuta ni kitambaa kikubwa. Sitaki mama akinitazama mara ya mwisho aone kitu kitakachomfukuza usingizi mpaka afe. Nitafutie kijivu kitakachonihurumia.

Nimeviweka vipande vyako kando ya uso wangu, nesi mmoja anaitwa Kemunto akanishikia kioo. Mabati tupa. Njiwa pia tupa, kilinifanya nionekane nimeshakwenda. Jivu la Kuni na Kichuguu, kuna jambo hapo katikati yao.

Mama asijue. Najua methali ya mficha maradhi, usinitupie. Alimuuguza baba miaka miwili akakonda kuliko mgonjwa, ilibaki kidogo tuwazike wote wawili. Sitamrudisha huko.

Wesley

*

Musanda,
23 Juni 2025

Ndugu yangu,

Nilisoma barua yako nimesimama, halafu nikaketi juu ya ndoo ya rangi, kifuniko kikazama nikaingia ndani hadi kiunoni. Ningecheka kama si barua yenyewe. Nililia, Wesley, sitakuficha. Nilienda nyuma ya nyumba, kwenye miwa ya Mzee Shikanga, nikalia mpaka mbwa wake akaja kunitazama. Niliporudi mama yako aliniuliza mbona macho ni mekundu, nikasema ni vumbi la msasa. Akaniletea maji ya kuosha macho kwa bakuli lake la kanisani. Kunawa kwenye bakuli lile ilikuwa adhabu.

Nitakufanyia hiyo rangi. Sijui kufanya lingine.

Nimefanya hivi. Siku tatu mfululizo, saa tisa mvua ikiwa imejifunga, nimelala kwenye benchi katikati ya sebule, miguu kuelekea mlangoni, kipande cha rangi nimekiegemeza kando ya kichwa, kioo juu. Uso wangu na wako ni weusi wa aina moja, mwalimu wetu alikuwa akituchanganya. Siku ya pili mama yako akaingia na kunikuta. "Osiako, umekunywa?" Nikamwambia ninapima mwanga. Akasema, "Tangu nizaliwe sijaona fundi anayepima mwanga akiwa amelala chali." Lakini alivuta kigoda akakaa akinitazama, akaanza kunihadithia jinsi ulivyokuwa ukikataa kuoga. Nililala pale nikimsikiliza huku nikitazama uso wangu kwenye kioo kana kwamba ni wako. Sitaki kuyapitia tena.

Nilichojifunza ni hiki. Dirisha kubwa linatazama miwa ya Mzee Shikanga, nayo sasa imepita urefu wa mtu. Ule ujani wote unaingia ndani. Kijivu chochote kilichochanganywa dukani kikifika hapa kinakuwa kama ukungu wa maji yaliyosimama, na ngozi yetu inakufa kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo nimechukua Jivu la Kuni, nikatia Kichuguu kidogo, halafu nikatia brauni nyekundu, tone kwa tone, ili ipigane na ujani. Nakutumia vipande vitatu, nimeviandika A, B na C, sina moyo wa kuvipa majina.

Niambie kama unaumwa sana. Niambie ukweli.

Osiako

*

Eldoret,
2 Julai 2025

Osiako,

Mchana siumwi sana, wananipa dawa. Asubuhi ndiyo mbaya.

Vipande vyako vimeleta uchaguzi mkuu wodini. Tuko wanaume sita. Kiplagat, mzee wa kitanda cha dirishani, amesema A ni rangi ya ngamia. Wengine wanne wamepigia C. Kemunto alishika vyote kando ya uso wangu, mvua ikinyesha, akasema B. Nilimwandikia, "Kwa nini B?" Akasema, "Kwa sababu ukiwa na hiyo unaonekana umelala tu." Basi ni B. Piga B.

Nina jambo jingine, na hili usilijibu kwa mzaha. Mama ananiandikia ujumbe kila jioni. Jana ameandika kwamba maharagwe yametoka vizuri na amenitengea debe. Nimeanza kufikiri nimekosea. Nilisema namkinga, lakini kuna asubuhi nikiamka namtaka yeye tu. Nataka aje. Nataka akae kwenye kile kiti cha chuma anishike miguu, maana miguu yangu ina baridi siku zote na Kemunto ana watu wengine. Hatuwezi kuzungumza lakini yeye anajua kuzungumza kwa niaba ya watu wawili. Halafu namkumbuka na baba, vile alivyokuwa akimbeba mgongoni kumpeleka choo, narudi nyuma.

Wewe unamwona kila siku. Unajua jinsi alivyo sasa, nguvu zake, moyo wake. Niambie. Nimwambie aje ama niache? Utakavyosema ndivyo nitakavyofanya, mimi kichwa changu kimechoka kuamua.

Wesley

*

Musanda,
8 Julai 2025

Wesley ndugu yangu,

Nimekaa na swali lako siku tatu. Nakujibu: acha.

Ungemwona ungekubaliana nami. Amekuwa mtu mwingine. Anaimba akichota maji, sijamsikia akiimba tangu baba yako atuache. Amenunua vikombe kumi na viwili vyenye maua, amevipanga mezani kwake akingoja kuvihamishia kwako. Amewaambia akina mama wa kanisa kwamba mwanawe anarudi nyumbani. Jana alikuja na kitambaa cha pazia, akakishikilia dirishani, akaniuliza kama kitaelewana na hicho kijivu chenu. Ana miaka sabini na mmoja na alikuwa anarukaruka. Ukimwambia leo, nyumba hii itageuka matanga wewe ukiwa hai bado. Mwache afurahi. Tumalize nyumba kwanza, halafu uje mwenyewe kwa miguu yako, uingie kwako, ulale kwako japo wiki moja, na hapo atakuona na kujua. Hiyo ni afadhali kuliko kumwita wodini.

Koti ya kwanza ya B imeingia jana. Bado haijatulia, sitasema neno mpaka ikauke.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yake. Alinipa ikiwa imefungwa, sikuisoma.

Osiako

*

Musanda,
8 Julai 2025

Mwanangu mpendwa Wesley,

Salamu katika jina la Bwana. Mimi mama yako Zilpah ni mzima, ila goti. Natumaini na wewe ni mzima.

Osiako anasema anakutumia mzigo, nikasema na mimi niandike, tangu niache kufundisha chekechea mkono wangu umelala. Nyumba yako ni nzuri. Hiyo rangi sikuipenda, nakuambia ukweli kwa sababu mimi ni mama yako, lakini jana jioni nilikaa humo ndani peke yangu na nikaona inatulia machoni. Pengine wewe ndiye unayejua. Huyo rafiki yako anaipaka kama mtu anayepaka mafuta mtoto, anarudia pale pale. Nimemwambia amalize, nyumba si yai.

Sikuulizi kuhusu mgeni. Utakuja naye ukiwa tayari, na usipokuja naye, njoo hivyo hivyo. Mimi nakungoja wewe, si yeye. Hao jogoo nimesema ni wa mgeni, lakini mgeni mwenyewe ni wewe, umepotea tangu Krismasi.

Jambo moja tu. Ujumbe wako napata, na nashukuru. Lakini maandishi si mtu. Hiyo simu unayosema haitoi sauti ikipona, nipigie hata dakika moja niisikie sauti yako. Hata ukisema tu "Mama" ukakata, mimi nitatosheka.

Mungu akulinde.
Mama yako,
Zilpah

*

Eldoret,
21 Julai 2025

Osiako,

Huu ni mwandiko wa Kemunto, mimi naandika maneno machache kwenye kijitabu naye anayaunganisha. Sina nguvu ya kuandika barua nzima.

Barua ya mama nimeisoma mara nyingi. Nilianza kumjibu mara mbili nikashindwa. Nimefuata ulivyosema. Nimemtumia ujumbe kwamba simu inatengenezwa.

Siwezi kungoja Desemba, nafikiri hata daktari anajua. Nimezungumza nao, yaani nimeandika, na wamekubali niende nyumbani na dawa zangu. Kuna mtu wa kanisa la Kemunto mwenye gari atanileta. Nitakuja Jumamosi, tarehe mbili Agosti. Hakikisha harufu imetoka. Weka kitanda mahali ambapo nitaona mlango wa jikoni wa mama.

Wesley

*

Musanda,
Jumamosi, 26 Julai 2025

Ndugu yangu,

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Kitanda nimekiweka. Ukilala ubavu wa kulia unaona mlango wa mama yako na moshi wake wote.

Lakini kuna jambo limetokea, na ningependa ulisikie kutoka kwangu. Koti tatu za B zilikuwa zimekaa sawasawa. Nililala benchi saa tisa, nikajitazama, nikasema Kemunto ana jicho. Basi Jumatano lori zikaingia kwa Mzee Shikanga. Miwa yake imekatwa yote, kwa siku mbili, mpaka mpakani. Leo ukisimama sebuleni unaona udongo mtupu mwekundu mpaka barabarani, na jua likiupiga, wekundu wote unaingia ndani. Ile brauni niliyotia ili ipigane na ujani sasa haina wa kupigana naye. Ukuta umekuwa kama ufizi. Nililala benchi nikajiona kama mtu aliyechunwa ngozi. Miaka ishirini napaka rangi katika nchi ya miwa na sikukumbuka kwamba miwa hukatwa.

Nipe siku saba. Nitatoa wekundu, nitatia weusi kidogo na kijani kama tone la dawa, nipige koti mbili mpya, zikauke. Ukija tarehe mbili utalala kwenye harufu ya rangi mbichi na hiyo itakukaba kifua. Njoo Jumamosi inayofuata, tarehe tisa. Ni siku saba tu, na utaingia katika nyumba ambayo imekamilika. Tumefika mbali sana kuiharibu mwishoni.

Mama yako amechinja jogoo mmoja kwa bahati mbaya, yaani kwa hasira, alimdonoa. Amebaki mmoja.

Tuonane tarehe tisa.
Osiako

*

Musanda,
Jumapili, 24 Agosti 2025

Kwako Osiako,

Tangu tulipomzika mwanangu hujakanyaga hapa. Ulibeba jeneza lake ukaliingiza ndani ya nyumba, ukalitoa, ukamwaga udongo, na siku yote hiyo hukunitazama usoni. Nilidhani ni uchungu. Sasa najua ni nini.

Nianze na kazi yako, nisije nikasahau kwa sababu ya mengine. Nyumba yake haikumwaibisha. Watu walisema hawajaona sebule tulivu namna ile. Walipofungua jeneza mvua ilikuwa inanyesha, na mwanangu alikuwa amelala tu, uso wake ni wake. Mchungaji mwenyewe alisema. Ulitaka iwe hivyo na imekuwa. Kwa hilo nakushukuru.

Hospitali ilinipigia ile Jumanne, tarehe tano, saa nne asubuhi nikiwa napepeta maharagwe. Mwanamke akaniuliza kama mimi ni mama wa Wesley, nikasema ndiyo, yuko kazini. Hivyo ndivyo nilivyojibu. Nilibishana naye, Osiako. Nilimwambia amekosea mtu, kwa sababu mwanangu anashona nguo na nyumba yake inapakwa rangi.

Nilipoenda kumchukua, huyo nesi Kemunto alinipa mfuko wake. Alinikalisha kwenye kiti cha chuma akaniambia yote niliyomuuliza. Aliniambia Wesley alifunga mfuko tangu Jumapili ya mwisho ya Julai, akauweka miguuni pake kitandani ili asisahaulike. Barua yako ilipofika, aliisoma, akaandika kwenye kijitabu, "Toa nguo, rangi haijakauka." Nesi akazitoa. Siku saba ulizoomba, hakuwa nazo.

Ndani ya mfuko kulikuwa na vipande vyako vyote na barua zako zote, zimefungwa kwa uzi. Nimezisoma. Sasa najua ulikuwa unalala kwenye benchi ili ujitazame kama maiti, nami nimekaa hapo kwenye kigoda nakuhadithia vile alivyokuwa akikataa kuoga. Najua kwa nini macho yalikuwa mekundu. Ulinawa kwenye bakuli langu.

Mlichagua rangi miezi miwili ili nisiogope uso wa mwanangu. Nani aliwaambia mimi naogopa? Nilimzaa kitovu kikiwa kimemzunguka shingo, ametoka mweusi kama chungu, halii. Mkunga aliweka mikono kichwani. Mimi ndiye niliyempuliza mdomoni mpaka akalia. Nimemuuguza baba yake nikamfunga macho kwa vidole hivi. Mngeniita, ningekuja na huo uso ungekuwa wa rangi yoyote ile. Ningekaa siku zote hizo. Nilikuwa na nafasi, Osiako. Nilikuwa naimba na kununua vikombe.

Yeye nimemsamehe, alikuwa mgonjwa na alikuwa mtoto wangu. Wewe bado, sijui.

Kuna kitu kimoja nataka kwako. Katika barua yako ya tarehe nane Julai umemwandikia, "Nimekaa na swali lako siku tatu. Nakujibu: acha." Halafu ukamwambia, "Mwache afurahi." Aliuliza nini? Barua zake unazo wewe. Siku na usiku najiuliza kama mwanangu alikufa akinificha kwa sababu hakunitaka pale, ama alinitaka. Sitaki uje unieleze kwa mdomo, mdomo wako umenieleza mengi. Nitumie barua aliyokuandikia.

Zilpah

*

Shieywe, Kakamega,
28 Agosti 2025

Mama Zilpah,

Barua yako imenikuta huku Kakamega nilikokimbilia kazi. Hizi hapa barua zake, zote tatu. Hakuna nyingine, na sijatoa hata ukurasa.

Unayoiulizia ni ya tarehe mbili Julai, nimeiweka juu. Mwanzo ameandika mambo ya wodini. Soma chini, pale anapokutaja. Alikutaka, Mama. Ameandika "Nataka aje" kwa mkono wake mwenyewe, na ameeleza ni kwa nini, kwamba miguu yake ilikuwa na baridi na alitaka uishike.

Akaniachia mimi niamue. Nilikwambia uongo mwingi mwaka huu, huu ndio ukweli: siku hizo tatu sikuwa nikikufikiria wewe. Nilikuwa nikifikiria asubuhi ile utakayojua, na mimi nikiwa pale ndani na brashi, na kwamba nitapaswa kukutazama. Niliiogopa asubuhi hiyo. Nikaandika habari za vikombe na kuimba kwako, zote za kweli, ili asione kwamba naogopa, naye akaniamini.

Nilisoma kwamba miguu yake ina baridi, na bado nikamjibu vile nilivyomjibu.

Osiako